Mama, Mizani na Mtengeneza Majeneza wa London

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita watakumbuka nilimtaja mtengeneza majeneza mmoja wa London, halafu muda ukatuishia na mwenzangu akafunga kipindi nikiwa katikati ya sentensi. Wengi mmeandika mkiuliza huyo mtu ni nani, na ana uhusiano gani na kupunguza uzito. Basi haya, kaeni. Nitaanza na mama yangu, maana yeye ndiye aliyenifikisha huko.

Januari hii mama alipimwa damu. Kisukari hana, alhamdulillah, lakini kinabisha hodi. Nesi alimwambia akipunguza uzito kiasi anaweza kukizuia kisiingie, akampa karatasi ya maelekezo. Mama ana miaka 63 na ameishi Northampton tangu mimi sijazaliwa. Karatasi ile ilikuwa na picha za vyakula ambavyo havijawahi kukanyaga jikoni kwetu. Akaiweka mezani karibu na chupa ya chai, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nishike lipi?"

Alisema "lipi" kwa sababu habari ilishafika kwenye grupu la familia, na grupu la familia mnalijua. Shangazi wa Muscat alituma sauti ya dakika nne kuhusu maji ya moto na ndimu. Binamu wa Dubai akasema aache wanga wote, wali usiingie mdomoni. Mama mdogo wa Tanga alikuja na mdalasini. Dada yangu alitaka mama ale ndani ya saa nane tu kwa siku. Rafiki yake wa msikitini akamnong'oneza kuhusu sindano. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele.

Kazi yangu ni uhasibu. Ukiniletea madai sita yanayogongana, nitakwambia nipe vitabu vya miaka ya nyuma kwanza. Na vitabu vya kupunguza uzito, jamani, vipo. Watu wamekuwa wakijaribu kwa muda mrefu, na kumbukumbu zimeandikwa.

Bwana Banting hawezi kufunga viatu

William Banting alikuwa mtu mwenye uwezo wake London, na ukoo wake ulishika kazi ya mazishi ya familia ya kifalme. Kampuni yao ilishughulikia mazishi makubwa ya Duke of Wellington mwaka 1852. Ilipofika 1862, akiwa anakaribia miaka 66, Banting alikuwa na urefu wa sentimita 165 hivi na uzito wa kilo 91 na ushei. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, ili magoti na vifundo visimtese.

Msidhani alikuwa amekaa tu. Daktari mmoja alimshauri afanye mazoezi, akawa anapiga makasia mtoni alfajiri kwa saa mbili. Nguvu alizipata, ila alipata na njaa kubwa kuliko nguvu, akala, akazidi kunenepa. Akaenda hamamu za Kituruki, akanywa maji ya chemchemi, akabadilisha hewa ufukweni. Wapi.

Kilichomwokoa kilikuja kwa bahati. Masikio yake yalianza kuziba, akamwendea daktari wa masikio aliyeitwa William Harvey. Harvey alikuwa amesikiliza mihadhara ya mwanasayansi Claude Bernard mjini Paris kuhusu ini na sukari, na akahisi unene ndio unaobana masikio ya mgonjwa wake. Akamwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Ale nyama, samaki, mboga, matunda, na kipande kidogo cha mkate mkavu. Akaruhusu pia glasi kadhaa za mvinyo kila siku. Mama alipofika hapo alisema astaghfirullah na akaniomba niruke.

Kufikia Agosti 1863 Banting alikuwa amepungua kilo 21, na masikio yakawa nafuu. Akaandika kijitabu kwa pesa zake, "Letter on Corpulence", akagawa nakala za kwanza bure. Kijitabu kikasambaa mpaka jina lake likawa kitenzi. Waingereza wa enzi zile waliulizana kama fulani "anabanti", na Waswidi mpaka leo wanasema "banta" wakimaanisha kujinyima ili upungue.

Watu wengi wanaomtaja leo wanamtaja kwa sababu ya orodha yake ya vyakula, na anapendwa sana na wanaopiga vita wanga. Mimi nilivutwa na kilichotokea baadaye. Miaka kadhaa baada ya kijitabu cha kwanza aliendelea kuandika kwamba hajarudi alikotoka. Alifariki 1878 akiwa na miaka 81. Na ukisoma alichokuwa anakula, unaona ni chakula ambacho mzee wa tabaka lake alikuwa anakipenda tangu zamani: nyama, samaki, chai, kitu kidogo usiku. Alipunguza vitu vichache, vingine akavibakiza. Kitu hicho kiwekeni akilini, tutakirudia.

Kalori zinaingia mezani

Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater alijenga chumba maalumu kule Connecticut, akamfungia mtu ndani na kupima joto analotoa na chakula anachokula. Hapo ndipo kalori ilipoanza kuwa kipimo cha chakula cha watu. Aliyeipeleka jikoni ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters, katika kitabu chake cha 1918. Naye alikuwa mnene aliyepungua, na aliwataka wasomaji waache kusema kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili.

Kwa mhasibu, kalori ni kitu kizuri mno. Kilichoingia, kilichotoka, salio. Na hesabu yenyewe ni ya kweli: hakuna aliyepungua bila kula chini ya anachotumia, aite njia yake jina lolote. Tatizo ni kwamba daftari hili, tofauti na madaftari yangu ya kazini, lina mkono wake wenyewe unaobadilisha namba usiku ukiwa umelala. Hilo lilichukua miaka mingi kueleweka.

Njia za mkato

Hapa nitapita haraka, maana hadithi ni moja inayojirudia. Mwaka 1933 watafiti wa Stanford walitangaza kwamba kemikali iitwayo DNP inaunguza mafuta mwilini. Kemikali hiyo ilikuwa inatumika kutengeneza baruti katika Vita vya Kwanza. Watu wakaimeza. Wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto la mwili, na kufikia 1938 ilipigwa marufuku Marekani kama dawa ya binadamu. Baadaye vikaja vidonge vya amfetamini, vinavyoua njaa na kukimbiza moyo. Miaka ya 1990 ukaja mchanganyiko ulioitwa fen-phen, ukauzwa sana, kisha Septemba 1997 sehemu yake kuu ikaondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inaharibu vali za moyo.

DNP bado inauzwa kwa siri kwenye intaneti, na bado inaua. Mtu akikuuzia kidonge au unga usio na jina la maana, mkimbie.

Njaa ya Minnesota, na yangu

Novemba 1944 wanaume 36 waliokataa kupigana vita kwa sababu za dhamiri walijitolea kwa jambo lingine: kukaa na njaa. Mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa, na ili ajue hilo alihitaji kuona njaa inafanya nini. Waliishi chini ya uwanja wa michezo wa chuo. Kwa miezi sita walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, viazi na mkate na makaroni, na kila wiki walitembea kilomita 35.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa wanene toka mwanzo, kwa hiyo tusiwalinganishe moja kwa moja na mama yangu. Lakini soma yaliyowapata akilini. Walilamba sahani. Walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Waliota chakula, wakawa wakali, wakapoteza hamu ya marafiki na wachumba. Na chakula kiliporudishwa walikula maelfu ya kalori kwa siku bila kushiba, mpaka wengi wakawa na mafuta mengi mwilini kuliko walivyoanza.

Nilipofika kwenye vitabu vya mapishi niliufunga ukurasa. Maana hiyo ndiyo sababu ya kimya changu kwenye grupu la familia.

Mwaka 2016 dada yangu alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa nimeamua sitaonekana bonge kwenye picha. Nikaishi kwa supu ya kabichi wiki saba. Nilipungua kilo 11. Kila aliyeniona ukumbini alinisifu, na picha ninazo mpaka leo. Wasichokiona kwenye picha ni kwamba kila usiku nilikuwa nalala na simu usoni nikiangalia video za watu wanaokaanga vitumbua. Saa saba ya usiku, vitumbua. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Harusi ilipopita nikaanza kula, na sikuweza kuacha. Idi ya mwaka uliofuata nilikuwa na kilo 13 juu. Nilijiambia mimi ni mtu dhaifu, sina msimamo, na nikalibeba hilo kwa miaka. Hakuna aliyeniambia kwamba wanaume 36 walinitangulia, wakapimwa, na ikaandikwa kitabu kizima kuhusu walichopitia.

Mkono unaobadilisha namba usiku ndio huo. Ukipunguza uzito, hasa kwa kasi, mwili unaona kuna ukame. Unaongeza njaa na kupunguza matumizi. Mwaka 2016, mwaka uleule wa supu yangu, Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti kuhusu washiriki 14 wa shindano la televisheni la "The Biggest Loser". Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58 kwa wiki 30. Miaka sita baadaye, wastani wa kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao bado ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hawa ni watu waliofanya mazoezi mbele ya taifa zima. Sidhani kama walikosa msimamo.

Kwa hiyo lipi?

Swali la mama limeulizwa na watafiti pia, kwa namna nzuri. Mwaka 2005, kule Boston, walichukua watu 160 wakawagawa kwenye dayati nne zilizokuwa maarufu: Atkins, Zone, Weight Watchers na Ornish. Baada ya mwaka, wastani wa kupungua ulikuwa mdogo kote na haukutofautiana sana. Karibu nusu walishaacha. Kilichotenganisha waliopungua na wasiopungua ni kama mtu aliifuata dayati yake, iwe ipi.

Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford akatoa majibu ya jaribio kubwa zaidi la watu 609. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Baada ya miezi 12, wa mafuta walikuwa wamepungua kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua karibu kilo 30 na walioongezeka karibu kilo 10. Yaani binamu wa Dubai hakosei kwamba kuacha wanga kunafanya kazi. Kumemfanyia kazi yeye. Hana njia ya kujua kama mama yake mkubwa, aliyelelewa kwa wali wa nazi, ataweza kuacha wali mpaka mwisho wa maisha.

Na kufunga saa 16? Dada yangu naye hakosei, kuna wanaopungua kwa njia hiyo, kwa sababu wanakula kidogo zaidi kwa siku. Lakini sisi ni watu wa Ramadhani. Tunajua kwamba mtu anaweza kufunga siku nzima na kumaliza mwezi amenenepa, kwa sababu ya kinachopangwa mezani magharibi ikiingia.

Ndimu na mdalasini nilimwambia mama aendelee kuvitia kwenye chakula kama kawaida.

Waliodumu walifanya nini

Jean Nidetch alikuwa mama wa nyumbani wa Queens, New York, aliyependa biskuti kiasi cha kuzificha kwenye kapu la nguo chafu. Mwaka 1961 alipewa dayati katika kliniki ya jiji. Ilikuwa inafanya kazi, ila alijisikia mpweke nayo, akawaita marafiki sita nyumbani kwake ili akiri habari za biskuti. Nao wakakiri za kwao. Wiki iliyofuata wakaja wengi zaidi. Mwaka 1963 kikao kile kikawa kampuni, Weight Watchers. Nidetch alipungua zaidi ya kilo 30 na hakuwahi kurudi kuwa alivyokuwa, mpaka alipofariki 2015 akiwa na miaka 91. Chakula alichopewa kilikuwa cha kliniki tu. Alichoongeza yeye ni kikao, na sisi vikao tunavijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1994 watafiti Rena Wing na James Hill walifungua daftari la Wamarekani waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao walishawahi kujaribu na kushindwa. Njia walizotumia kupungua zilikuwa za kila aina, lakini namna ya kubaki zinafanana: wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, wanajipima mara kwa mara, wengi wanakula kifungua kinywa, na hawali kwa namna moja siku za kazi na nyingine wikiendi. Ni daftari la waliofaulu, kwa hiyo halituambii ni wangapi walifanya yaleyale wakashindwa. Hata hivyo linatuonyesha kwamba kupungua ni kazi moja, na kubaki ni kazi nyingine. Supu ya kabichi inajua kazi ya kwanza tu.

Utafiti uliomgusa mama zaidi ni wa 2002, Marekani, wa watu 3,234 waliokuwa kama yeye, kisukari mlangoni. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin. Lingine likapewa lengo: punguza asilimia 7 ya uzito wako, tembea dakika 150 kwa wiki, na uwe na mtu wa kukufuatilia. Baada ya karibu miaka mitatu, dawa ilipunguza waliopata kisukari kwa asilimia 31. Asilimia 7 na matembezi vilipunguza kwa asilimia 58. Walipofuatiliwa mpaka miaka kumi, kilo nyingi zilikuwa zimerudi, na bado kundi lile lilikuwa na kisukari pungufu kwa asilimia 34 kuliko wasiopewa kitu.

Nilimsomea mama hilo mara mbili. Akachukua kalamu. Asilimia 7 ya kilo 84 haifiki hata kilo sita. "Hizo tu?" akasema. "Mimi nilidhani wananitaka niwe kama nilivyoolewa."

Sindano

Tusiruke sindano, maana nusu ya barua zenu zinaziulizia. Marekani iliidhinisha Wegovy Juni 2021. Inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba. Katika jaribio la watu 1,961, waliochomwa walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, na waliochomwa sindano tupu asilimia 2.4. Kwa yeyote aliyesoma historia ya dawa za DNP na fen-phen, hizo ni namba za kushangaza. Ni dawa iliyoelewa njaa ya Minnesota na kuishika palepale inapoanzia. Mtu anayeihitaji na kuandikiwa na daktari hana sababu ya kujificha.

Ila walipoacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito walioupoteza ilirudi. Kwa hiyo swali ni lilelile: je, utaweza kuendelea nayo miaka mingi, kwa pesa na kwa madhara yake ya tumbo? Na ukiacha, mezani pako patakuwa pamebadilika? Mama alisema akiishindwa asilimia 7 atazungumza na daktari. Nikaona ni jibu la mtu mzima.

Sinia la nyumbani

Kuna jambo ambalo Banting hakuwa nalo, nalo ni shangazi wa kumwambia "umekwisha, una nini?" Kizazi cha wazazi wetu kiliambiwa "umenawiri" kama sifa. Na tusisahau kwamba waliishi miaka ya 1980 na 1990, wakati ambapo Uganda ukimwi uliitwa "slim", na kukonda ghafla kulitosha kuanzisha minong'ono. Mama anaogopa kukonda kuliko anavyoogopa kunenepa, na ana sababu. Upande mwingine, hapa Uingereza madaktari wanaanza kuhesabu unene wa kupindukia kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati kwenye kipimo cha 27.5 badala ya 30, kwa sababu kisukari kinatuwahi tukiwa na uzito mdogo zaidi. Kwa hiyo macho ya ukumbini na mizani ya kliniki hayasemi lugha moja.

Tulichokifanya ni hiki. Tuliiweka pembeni ile karatasi, na mama akaandika kila alichokula wiki nzima. Halafu nikamuuliza swali moja kwa kila kitu: hiki unaweza kukipunguza ukiwa na miaka 70? Sukari ya chai, vijiko vitatu, akasema kimoja anaweza. Wali, upawa mmoja badala ya mitatu, na mchicha na samaki vitangulie kwenye sahani. Njugu za saa nne usiku mbele ya tamthilia, akasema zinauma lakini ziende. Chapati alikataa kuzigusa. Basi zimebaki, Jumapili, mbili. Baada ya alasiri anatembea na wenzake wawili kuzunguka bustani, na wakikosa siku mbili wanagombezana kwa simu. Ijumaa asubuhi anapanda mizani na kuandika namba kwenye kalenda ya mchinjaji iliyo jikoni. Kliniki nayo ikamwandikisha kwenye mafunzo ya NHS ya kuzuia kisukari. Anayahudhuria, na amewafundisha wenzake wa darasa kupika maharage ya nazi, nazi kidogo.

Hakuna hata kimoja hapo chenye jina la kuuzia kitabu. Mpaka Septemba alikuwa kilo 79. Akaenda Unguja wiki tatu, akarudi na 81, na kwa mara ya kwanza katika nyumba yetu hakuna aliyesema ameharibu. Aliandika 81 kwenye kalenda, akavaa viatu vyake, akatoka. Sasa yuko 80 na kitu. Damu atapimwa tena Januari, na majibu siyajui. Mimi mwenyewe nimeanza kutembea nao Jumamosi. Sijapanda mizani bado. Nitapanda.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye harusi Milton Keynes. Bibi mmoja akamshika mama mkono, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mbona umekonda hivi, mwanangu, hawakulishi?" Nikajiandaa kumtetea. Mama akacheka, akasema, "Shikamoo bibi. Nakula, ila nimeacha njugu."

Kipindi kijacho tutamleta mtaalamu wa lishe anayejua upawa ni nini. Tuandikieni: nyumbani kwenu mzee amepunguza nini, na amekataa kupunguza nini? Kama mzee wenu anatumia dawa za sukari au presha, azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha chakula, maana kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilika.